Kwa Kakule, Kuhusu Ile Rele

Shemeji yangu Kakule,

Barua hii itakufikia polepole kwa sababu naiandika polepole. Daktari wa hapa Butembo amesema moyo wangu umechoka, na mimi mwenyewe nausikia ukifanya kazi kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Kurasa mbili kwa siku zinanitosha. Mfanyabiashara mmoja anayeshuka Mambasa kununua mawese amekubali kukuletea nakala, maana nasikia huko uliko biashara yako sasa ni mawese, na kwamba nyaya huzishiki tena. Nakala ya pili itabandikwa hapa mtaani Mususa, kwenye ukuta wa banda la mafundi. Lililofanyika mbele ya watu ni lazima lisahihishwe mbele ya watu.

Lakini niruhusu kwanza nikumbuke kidogo. Mzee akinyimwa kukumbuka hana kazi nyingine.

Unakumbuka pikipiki yangu ya Lubero? Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya misheni, nami nimemwoa dada yako Kavira mwaka mmoja tu. Pikipiki ile ya Kijapani ilikuwa imezeeka kabla sijainunua. Taa yake ya mbele ilikuwa ya njano, dhaifu, na asubuhi za Lubero unazijua: ukungu unalala barabarani mpaka saa tatu. Ulikuja kutusalimu. Hukumaliza hata viazi ulivyopakuliwa, ukatoka nje kuitazama.

"Mulamu," ukaniita kwa lugha ya kwetu, ambamo shemeji ni mulamu na ndiyo ni njo, "hii taa yako haimulike. Iko naomba tu musaada."

"Balbu ni mpya," nikasema.

"Balbu iko muzuri. Umeme yako njo inatembea sana. Inatoka ku betri, inaenda mpaka ku swichi ya mkono, inarudia mpaka ku taa, mu waya mwembamba, ya zamani. Ikifika, inachoka."

Kisha ukatoa mfukoni kisanduku cheusi, kidogo kama kiberiti, chenye miguu minne ya shaba. Rele, swichi ambayo umeme mdogo huifunga kwa sumaku ili umeme mkubwa upite. Ukanionyesha jinsi swichi ya mkononi itakavyobaki kutoa amri tu, na amri haihitaji nguvu nyingi. Umeme mkubwa wenyewe utapita njia fupi, kutoka betri mpaka taa, kwa waya mnene uliouvua kutoka gari lililoungua. Mguu ulioandikwa thelathini ukaenda kwenye betri kupitia fyuzi. Mguu wa themanini na saba ukaenda kwenye taa. Hii miwili mingine, themanini na tano na themanini na sita, ndiyo ya amri: mmoja kwenye swichi, mmoja kwenye chuma cha pikipiki. Ulifanya kazi hiyo ukiwa umepiga magoti kwenye umande, na dada yako amesimama mlangoni na kikombe chako cha chai.

Ulipowasha, mwanga ulipasua ukungu mpaka kwenye shamba la viazi la jirani. Mimi niliyeandika sheria ya Ohm ubaoni kila mwaka sikuwahi kufikiri kwamba sheria hiyo inaishi ndani ya pikipiki yangu.

"Bwana yangu anafundisha umeme," Kavira akasema, "na ndugu yangu njo anauleta."

Nawe ukaongeza, "Mwalimu anajua Ohm, lakini Ohm hapana anamujua yeye."

Nilicheka, Kakule. Siku ile nilicheka kweli.

Tulipohamia Butembo, banda lako la Mususa likawa mahali pangu pa kupumzika baada ya masomo. Mafundi mlikuwa saba chini ya bati moja, na kinu cha mihogo cha jirani kilikuwa kinapiga kelele kutwa nzima. Mjini kuna Kakule wengi kama majani, kila mwana wa kiume wa nne ni Kakule, kwa hiyo watu walikuita Kakule Rele, na uliitikia kwa furaha. Katoni za vipuri vilivyotumika zilikuwa zikija na malori kutoka Kampala. Ulizimwaga rele juu ya gunia na kuzichagua kama mwanamke anayechagua maharage. Hizi za volti kumi na mbili, za magari madogo, zinafaa pikipiki. Hizi za ishirini na nne ni za malori. "Weka kando, hapana changanya. Zinafanana sura kama mapacha, lakini moja ni mulevi."

Kwa sababu ya kinu, sikio halikuweza kusikia rele ikifunga. Kwa hiyo uliibana kwenye mfupa wa shavu, hapa chini ya jicho, ukaigusisha betri, na uso wako ukasikiliza. Rele nzima hugonga mara moja, kavu. Rele mgonjwa hutetemeka. Nimewahi kukuona ukizipima arobaini hivyo, macho umefumba, kama mtu anayesali.

Na kulikuwa na jambo lako jingine nililolidharau. Kila rele uliyoichagua uliilaza juu ya birika la chai mpaka iwe ya moto, ndipo unaipima mara ya pili.

"Kakule, unapika rele ao unapika chai?"

"Nazipika zote mbili, mulamu. Ile itaiva mbele, njo tutakula."

"Lakini kwa nini?"

"Hapa ni baridi. Beni ni joto. Rele inapaswa kujua joto ya Beni mbele ya kufika Beni."

Niliwaeleza walimu wenzangu jambo hilo kama kichekesho. Nilikuwa na diploma ukutani, nami sikuketi hata dakika moja nifikirie kwamba shaba ikipata joto huwa nzito kwa umeme, kwamba nguvu inayobaki inaweza kukosa kuvuta ulimi wa rele, na kwamba wewe ulikuwa unapima hasa jambo hilo. Ulilijua kwa mikono. Mimi nililijua kwa kitabu, na kitabu nilikuwa nimekifunga.

Kisha vita vikatufikia. Askari wa upande huu wakaondoka, wa upande ule wakaja, na wote walipenda pikipiki. Kwenye kizuizi walikuwa wanakwambia ushuke, mmoja anapanda, anawasha, anaondoka, na hutamwona tena. Pikipiki isiyowaka waliiacha. Ndipo wewe ukabuni kile ambacho Butembo nzima ilikitaka. Ulificha rele moja chini ya kiti, ndani ya mpira wa zamani wa baiskeli, na umeme wa plagi inayowasha injini ukaupitisha humo. Ukigeuza ufunguo, hakuna kitu. Ukigeuza ufunguo na kubonyeza honi mara moja, rele inafunga na kujishikilia yenyewe mpaka uzime. Mwenyewe anajua. Mwizi hajui. Askari anapiga teke mara kumi, jasho linamtoka, anaiacha.

Pikipiki ya kwanza kuifanyia hivyo ilikuwa ya zahanati ya Kalunguta, ile aliyoiendesha muuguzi Masika kufuata dawa Beni. Lakini wiki ile nami nilikuwa nimeona pikipiki ya mwalimu mwenzangu ikichukuliwa mbele ya macho yake. Nilikuja bandani kukuomba unifanyie mimi kwanza.

"Ngoja, mulamu," ukasema. "Nilibakisha moja tu ya kumi na mbili, na ile ni ya dispensaire. Bafanyabiashara bakitoka Kampala, ya kwanza itakuwa yako."

"Mimi ni mutu wa kungoja?" nikauliza, nikijifanya natania.

"Hata askofu angengoja. Rele moja haina njia mbili."

Fundi mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Mwalimu leo amepata zéro!" na banda zima likaangua kicheko. Nawe ulicheka. Hukuwa na ubaya wowote. Lakini mimi nilikuwa mume wa dada yako mkubwa, mtu ambaye watu walisimama alipoingia kanisani, na kicheko kile kiliingia mahali pabaya ndani yangu.

Ulipomaliza, niliomba niipeleke mwenyewe pikipiki ile Kalunguta, kwa kuwa nilikuwa na safari ya kwenda shule ya huko. Ulinishukuru. Ilikaa kwangu mpaka asubuhi.

Sasa nasema. Alfajiri ile nilifungua kiti. Nilitoa rele yako, ile yenye kidoti chekundu cha rangi ya kucha ya Kavira, alama uliyoitia kila rele uliyoipitisha. Mahali pake niliweka rele niliyoipata kwenye lori lililokufa karibu na shule. Imeandikwa ubavuni volti ishirini na nne, na niliisoma. Najua kusoma. Nilibonyeza honi mara kumi, na mara kumi ilifunga, kwa sababu Butembo alfajiri ni baridi na betri ilikuwa imeshiba. Nikajiambia inatosha, wafanyabiashara wakirudi nitairudisha ile nyingine, hakuna atakayejua. Birika la chai lilikuwa mezani, limechemka. Sikuiweka juu yake.

Rele yako niliifunga kwenye pikipiki yangu siku hiyo hiyo niliporudi. Nilifuata kila waya kama ulivyonifundisha.

Siku tatu baadaye Kahindo, mke wa Paluku, mkulima wa Kalunguta, alianza uchungu. Dawa ya kuzuia damu ilikuwa imekwisha zahanati. Masika aliondoka asubuhi na mapema kwenda kuichukua Beni, na pale kwenye ghala la dawa hakuzima injini, kwa kuogopa askari waliokuwa karibu. Njiani akirudi, kwenye kizuizi, wakamwamuru azime. Mmoja akapanda, akapiga teke, akapiga tena. "Tika, ekufi," mwenzake akamwambia kwa Kilingala chao, acha, imekufa. Wakacheka na kumrudishia. Ujanja wako ulikuwa umefanya kazi, Kakule. Mpaka hapo ulikuwa umeshinda.

Kisha wakamwacha aende, na Masika akageuza ufunguo na kubonyeza honi. Ilikuwa saa sita za mchana, jua la Beni juu ya kiti cheusi, injini ya moto chini yake. "Nilipiga honi," alituambia baadaye, "nilipiga mpaka ikalia kama mbuzi." Rele haikufunga. Alikimbia na kutembea, sanduku la dawa kichwani, akafika jioni. Kahindo alikuwa amejifungua mchana, na damu haikukatika. Mtoto alibaki.

Kikao chetu unakijua, lakini wasomaji wa ukutani hawakijui wote, kwa hiyo nakieleza. Baada ya maziko mafundi walikusanyika bandani pamoja na Paluku. Desturi yenu ilikuwa kwamba kazi ya fundi ikileta kifo, kazi hiyo huletwa na kuchunguzwa mbele ya wote, na akionekana na kosa anafunga sanduku lake la vifaa na kumpa mzee wa mafundi ufunguo. Mzee aliifungua pikipiki mwenyewe. Alitoa rele, akaiangalia, akanipa mimi.

"Mwalimu, wewe njo ulisoma. Angalia hii kintu, utuambie."

Niliigeuza mkononi. Nilikuwa naijua kama ninavyojijua.

"Ni ya volti ishirini na nne," nikasema. "Ni ya lori. Kwa pikipiki si chaguo sahihi. Kwenye baridi itafunga, kwenye joto haitafunga."

Kila neno lilikuwa kweli. Katika maisha yangu yote ya ualimu sijawahi kutoa somo lililo wazi kama lile.

"Hii hapana yangu," ukasema. "Zangu ziko na alama."

"Alama inafutika, Kakule," mmoja akajibu.

"Donc, basi, nani aliiweka?" mzee akauliza. "Piki ilitoka kwako."

Hakuna aliyenitazama. Wote walijua kwamba pikipiki ilipita kwangu, na hakuna aliyenitazama. Ila wewe. Kwanza ulitazama nje, mahali pikipiki yangu ilipokuwa imeegeshwa, hatua tano kutoka mlangoni. Ungesema tu, "Fungueni kiti cha ile," na kila kitu kingekwisha. Kisha ukanitazama mimi. Nilihesabu misumari ya bati.

"Mulamu anasema," ukasema. "Basi, njo vile."

Ulifunga sanduku, ukaweka ufunguo mkononi mwa mzee. Paluku akasimama na kusema mbele yetu sote kwamba mikono yako isishike tena kitu kikawaka. Wiki ile ile uliondoka. Hukumuaga Kavira, nadhani kwa sababu angekuuliza, na wewe usingeweza kumdanganya dada yako wala kumvunjia nyumba.

Miaka imepita mingi. Nimekuwa mkuu wa shule, nimesoma masomo kanisani Jumapili, nimehukumu ugomvi wa majirani. Kila nilipoitwa mtu mwenye haki nilikuwa nauona uso wako ukisikiliza. Vijana wa Mususa wamesahau jina la Kakule Rele. Bado wanasema, fundi akikosea, "Huyu ni Kakule wa Kalunguta," na hawajui wanamsema nani.

Mwezi uliopita, daktari aliposema alichosema, nilimwambia Kavira yote. Alikuwa anamenya viazi. Hakunyanyua kichwa. Alimenya mpaka kikapu kikaisha, vyote, hata vile vya kesho. Kisha akasema:

"Enda Kalunguta na hiyo pumzi unabakiza. Kwanza kule. Nyuma utamuandikia ndugu yangu. Na jina yako uiandike ya kutosha, hapana ile ya kufupisha."

Tangu hapo ananipa dawa zangu kwa saa yake na chakula kwa saa yake. Maneno mengine hatujapata.

Nilienda. Kijana wa pikipiki ya kukodi alinifunga mgongoni mwake kwa kitenge, maana sina nguvu ya kujishikilia, na wanawake wa barabarani walimtania, "E, motari, umezaa muzee?" Yeye akajibu, "Huyu analia kidogo kuliko wenu!" Nilicheka nao, na kifua kikaniuma mpaka tulipofika.

Paluku amezeeka kama mimi. Nilimkuta uani anapura maharage. Alinipa kigoda, akaendelea kupiga maganda kwa fimbo, nami nikamweleza tangu kicheko cha bandani mpaka kikao. Sikuacha kidoti chekundu, sikuacha birika. Nilipomaliza alikuwa ameacha kupiga.

"Ule kijana nilimulaani bure," akasema.

"Bure."

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

Kuku walikuja kudonoa maharage miguuni pake, hakuwafukuza. Nilisubiri anitukane, ningemshukuru. Badala yake aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua.

"Na yako, mwalimu? Ile siku ya Kahindo, piki yako iliwaka?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Miaka yote nilikuwa nimelifikiria lile la Masika, jua lake, honi yake. Ilinibidi nikumbuke mahali nilipokuwa mimi saa sita ile. Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimerudi kula chakula cha mchana, nikalala kidogo, nikatoka kurudi shule.

"Iliwaka," nikamwambia.

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

Akatikisa kichwa, akaokota fimbo yake. "Muandikie na hiyo," akasema. "Hapana kuiacha. Na mimi, umuambie neno yangu nimeiondoa. Nimeiondoa mbele yako, na mbele ya hii maharage, sina mashahidi wengine."

Basi nimeandika, Kakule. Uliichagua vizuri ile rele. Iliwaka mchana, nje ya nyumba ya mtu ambaye hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Dada yako anakungoja. Mimi sidhani utanikuta, wala siombi unikute. Kaa na amani ambayo sikuwa na haki ya kukunyang'anya.

Mulamu wako, mume wa Kavira,
Muhindo, mwalimu wa fizikia, Mususa